Karafuu, viluwiluwi na gilasi za shahidi: shajara ya klabu ya sayansi, Mkoani, Pemba

Jumamosi, 3 Mei 2025

Mradi umezaliwa kwa ubishi. Kijana wa kidato cha pili alisema darasani kwamba mafuta ya karafuu hayawezi kumdhuru mtu kwa sababu "ni ya asili, Maalim, si kemikali." Binti anayetokea Kisiwa Panza akadakia kutoka nyuma: "Na kasa je? Kasa si wa asili?"

Darasa likanyamaza. Huku kwetu Mkoani hakuna anayehitaji kufafanuliwa swali lile. Machi 2024, Kisiwa Panza, watoto wanane na mama mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na watu wengine 78 wakalazwa. Novemba 2021 walikuwa wamekwishafariki watu saba hapa hapa Pemba kwa kitoweo hicho hicho. Hakuna mtu aliyetia kitu sufuriani. Sumu ilikuwamo mwilini mwa mnyama mwenyewe, na wataalamu wanaihusisha na mwani na vijiumbe vya baharini anavyokula. Haiondoki kwa kuchemshwa, na inaweza kupita kwenye maziwa ya mama hadi kwa mtoto anayenyonya.

Sikuwa na jibu la kutoshea kipindi cha dakika arubaini, nikawaambia wenye hamu waje Jumamosi. Wamekuja wanane. Tumekubaliana tuanze na karafuu, kwa sababu tunazo, na kwa sababu ndizo zilizoleta ubishi. Swali letu: mafuta ya karafuu yanaua? Na kama yanaua, kwa kiasi gani? Kiumbe wa kupimia ni kiluwiluwi wa mbu. Hana mtetezi, na pipa la nyuma ya skuli limejaa tele.

Nimemteua katibu, mwenye mwandiko unaosomeka. Mimi naandika hii pembeni kwa ajili yangu na kwa mwalimu yeyote atakayetaka kurudia kazi hii bila kurudia makosa yetu.

Jumamosi, 10 Mei

Jaribio la kwanza. Gilasi nne za maji ya pipa, viluwiluwi ishirini kila moja. Mbili tumezidondoshea matone matano ya mafuta ya karafuu niliyoyanunua Chake Chake, mbili tumeziacha vivi hivi.

Kabla ya adhana ya adhuhuri wa kwenye mafuta wote walikuwa wamelala chini. Wa kwenye maji matupu wanacheza. Shangwe! Katibu akachukua chaki, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: KARAFUU INAUA MBU. Mwengine keshaanza kupiga hesabu ya chupa ngapi zitauzika shehia nzima.

Mzee anayelinda skuli alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Akasema kwa upole, "Maalim, hata mafuta ya taa yanaua hao. Sisi zamani tukimwagia mapipa."

Nikacheka. Nilipofika nyumbani kicheko kikaniisha.

Jumamosi, 17 Mei

Mzee alikuwa na haki. Leo tumerudia, ila gilasi mbili zimetiwa mafuta ya nazi, yale yale ya kupaka nywele. Saa tisa alasiri viluwiluwi wengi wa nazi walikuwa wamekufa, na waliobaki wanajikokota.

Kiluwiluwi hapumui kwa mashavu kama samaki. Ana kijibomba karibu na mkia. Hupanda juu, akakichomoza kwenye uso wa maji, akavuta hewa. Ukitandaza utando wa mafuta pale juu unamziba pua. Mafuta yetu ya karafuu yalikuwa yanaelea. Kwa hiyo Jumamosi iliyopita hatukuona sumu hata kidogo, au tuliona sumu na kuzibwa pumzi pamoja bila ya njia ya kuvitenganisha.

Nikawahadithia habari ya Makunduchi. Miaka ya 1980 watafiti walimwaga vyooni vitone vyepesi vya plastiki, vya aina ile ya maboksi meupe ya kuhifadhia samaki, ili kupambana na mbu wanaoeneza matende. Vinaelea, vinafunika maji yote, kiluwiluwi hapati pa kuvutia hewa na mbu mzazi hapati pa kutagia. Hakuna hata tone la dawa ya kuua mbu. Mbu wakapungua vibaya sana.

Ubao bado unasema KARAFUU INAUA MBU. Katibu alitaka kufuta, nikamwambia auache.

Binti wa Kisiwa Panza ndiye aliyeipa klabu msamiati wake. Gilasi zisizotiwa dawa aliziita "shahidi". Kila kesi lazima iwe na shahidi, alisema, na shahidi wa maji matupu peke yake hatoshi, maana hakuona lile jambo la utando. Nimemtazama yule mtoto mara mbili.

Alhamisi, 22 Mei

Baada ya masomo tumejaribu kuyayeyusha mafuta yasielee. Nilikuwa na spiriti ya kuwashia taa za maabara, tukachanganya, tukamimina. Kila kitu kimekufa, na shahidi wa spiriti amekufa wa kwanza. Kosa ni langu: nilitia mililita kumi kwenye gilasi ya mililita mia mbili bila kufikiri.

Hata hivyo jioni haikupotea bure, maana kijana mmoja aliuliza kwa nini chupa ile imeandikwa isinywewe ilhali ni spiriti tu. Ndani yake, nikamwambia, mmetiwa methanoli. Methanoli yenyewe humlevya mtu, basi. Balaa linaanza pale ini linapoishughulikia: huigeuza kwanza kuwa fomaldehidi, kisha kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo ndiyo inayoharibu mshipa wa jicho. Mtu anaamka keshoye anaona ukungu, kisha haoni. Kwa hiyo ini, tunalolisifu kwamba linasafisha sumu, mara nyengine ndilo linaloitengeneza.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua ya masika imetufungia ndani, hatukupima kitu. Tumekaa na ubao, na nadhani hii ndiyo siku niliyofundisha vizuri kuliko zote mwaka huu.

Nimeanza na neno letu wenyewe. Kwa nini Mswahili anasema "dawa ya panya"? Dawa ya mbu, dawa ya kupigia tungule, dawa ya kuoshea choo. Panya haponi kitu pale! Watoto wakacheka, kisha wakaona. Lugha yetu haikutofautisha vitu viwili. Imekiita kitu kimoja kwa jina moja na kumwachia mtumiaji apime. Mganga mmoja wa Uswisi, Paracelsus, aliyeishi 1493 hadi 1541, aliandika kwamba vitu vyote ni sumu, na kinachokifanya kitu kisiwe sumu ni kipimo chake tu. Bibi zetu hawakumsoma.

(Neno hilo hilo lina hatari yake. Mtoto wa miaka mitatu akisikia "dawa" anafikiri shira tamu ya kikohozi. Nimewauliza nani kwao anaweka dawa ya tungule kwenye chupa ya soda. Mikono mitatu kati ya minane.)

Kisha hesabu ya karafuu, ambayo naiandika yote kwa sababu ndiyo iliyomnyamazisha yule kijana wa "asili".

Karafuu kavu moja ina uzito wa kiasi cha gramu 0.1. Tuseme asilimia 15 ya uzito huo ni mafuta: miligramu 15. Kemikali kuu ndani ya mafuta hayo ni yujenoli, ile inayotoa harufu na kufisha ganzi jino bovu. Tuseme asilimia 80. Zinabaki miligramu 12 za yujenoli kwa karafuu moja. Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO, mashirika ya chakula na ya afya ya Umoja wa Mataifa, imeweka kwamba mtu anaweza kula kila siku, maisha yake yote, hadi miligramu 2.5 kwa kila kilo ya mwili wake bila wasiwasi. Mtu wa kilo 60 ana ruhusa ya miligramu 150, kama karafuu kumi na mbili. Sahani ya pilau haifiki hapo, labda umtafune mpishi pamoja na kapu lake.

Sasa mtoto wa kilo 10. Ruhusa yake ni miligramu 25, karafuu mbili. Akikuta kichupa cha mafuta ya karafuu kiko wazi, akanywa kijiko kimoja cha chai, amemeza mililita 5, karibu gramu 5 za mafuta, yenye yujenoli miligramu 4,000. Hizo ni karafuu zaidi ya mia tatu kwa mkupuo mmoja, na ni mara 160 ya ruhusa yake ya siku. Kupita ruhusa ya siku si kufa. Mstari ule umewekwa mbali na hatari makusudi. Lakini mara 160 ni safari ya mbali. Wapo watoto wadogo waliokunywa mililita 5 hadi 10 za mafuta haya, ini likaharibika ndani ya siku moja mbili.

"Karafuu ni zile zile, Maalim," alisema yule kijana. Ndiyo. Zile zile.

Swali lililofuata lilikuwa kwa nini ini linavumilia, linavumilia, halafu ghafla linaanguka. Nimechora ngalawa. Kila ngalawa inavuja kidogo, na kila nahodha ana upo wa kufulia maji. Maji yakiingia kibaba na wewe unafua kibaba, mnafika Fumba salama wala abiria hajui kwamba chombo kinavuja. Yakianza kuingia pishi nzima, mkono hauwahi. Chombo hakizami nusu.

Upo wa ini kwa yujenoli, na kwa parasetamoli vilevile, ni kitu kiitwacho glutathioni. Ini huibadilisha kemikali ili ipate kutoka kwenye mkojo, na katika kubadilisha huko hutokea vipande vikali vinavyoshika protini za seli na kuziharibu. Glutathioni huvidaka vipande hivyo kabla havijashika kitu. Ikiisha akiba yake, hakuna wa kudaka. Ndiyo maana mtu aliyemeza vidonge vingi vya parasetamoli anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza, akazungumza na watu, kisha siku ya tatu macho yakawa manjano. Na ndiyo maana dawa ya hospitali kwa mgonjwa huyo, asetilisisteini, ni malighafi ya kutengenezea glutathioni mpya. Anapewa upo mwengine. Wakiwahi kumfikisha.

Muhogo mchungu nimeuweka mwisho kwa sababu kila mtu nyumbani kwao anajua kuuroweka, ila hajui kwa nini. Muhogo mbichi unahifadhi sumu yake imefungwa kwenye sukari, na kimeng'enya cha kuifungua kimekaa chumba cha pili. Ukiukwaruza, ukautwanga, vyumba vinabomoka, viwili vinakutana, sianidi inatoka. Ukiuroweka na kuuanika, inatoka na kwenda zake kabla ya kufika tumboni kwako. Sianidi huingia ndani ya seli na kuziba mahali pa mwisho ambapo oksijeni hutumika. Damu imejaa oksijeni na seli inakufa kwa kuikosa, kama mtu aliyekufa njaa ghalani. Utupa ambao wavuvi wa zamani waliutwanga kulevya samaki una rotenoni, nayo inaziba mnyororo ule ule, ila mwanzoni mwake. Mahali tofauti, kifo kile kile.

Tumekwenda nyumbani na mvua.

Jumamosi, 31 Mei

Jaribio la kweli. Mwalimu wa skuli jirani ametusaidia ethanoli safi ya maabara. Mililita 1 ya mafuta ya karafuu ndani ya ethanoli hadi ifike mililita 100: kila mililita ya mchanganyiko ina kama miligramu 10 za mafuta. Kwa gilasi ya mililita 200, mililita 1.6 za mchanganyiko zinatoa miligramu 80 kwa lita, 0.8 zinatoa 40, 0.4 zinatoa 20, 0.2 zinatoa 10. Tunapima kwa sirinji ya insulini, ndogo na nyoofu.

Tulikuwa tumeshaanza kumimina pale mwenyekiti wa klabu aliposema: gilasi ya 80 ina ethanoli nyingi kuliko ya 10, sasa tutajuaje kama wamekufa kwa karafuu au kwa ethanoli? Nilikuwa sikuliona. Tumesimamisha kazi, tumemwaga, tumeanza upya: kila gilasi inapata ethanoli mililita 1.6 jumla, iwe na karafuu au haina, isipokuwa zile za maji matupu. Mashahidi sasa ni wawili, wa maji na wa ethanoli.

Gilasi kumi na mbili, mbili mbili kwa kila kipimo, viluwiluwi 25 kila moja. Jumla 300, wakubwa wakubwa, tumewachagua mmoja mmoja kwa kijiko. Tumekoroga hadi hakuna utando juu. Binti alipitisha kipande cha gazeti juu ya maji kuangalia kama kitatoka na doa la mafuta. Hakikutoka.

Waliogeuka kuwa pupa, hatua ya kati ya kiluwiluwi na mbu mzima, tuliwatoa. Pupa hali chakula na ngozi yake ni nyengine. Ni kiumbe mwengine kabisa kwa mujibu wa sumu.

Jumapili, 1 Juni

Saa ishirini na nne zimetimia saa nne asubuhi. Kanuni: kiluwiluwi akiguswa kwa sindano asisogee, kafa. Akitikisika lakini hawezi kupanda juu, naye tunamhesabu kafa. Wamehesabu wawili wawili, kila mmoja bila kumwonyesha mwenziwe, kisha wakalinganisha.

Waliokufa kati ya 50 kwa kila kipimo: shahidi wa maji, 1. Shahidi wa ethanoli, 4. Miligramu 10, watano. Ishirini, 14. Arubaini, 31. Themanini, 47.

Hakuna aliyeshangilia safari hii. Wamekaa wanaziangalia zile namba zinavyopanda, kama watu wanaoangalia maji yanavyojaa.

Wa kwenye 80, kabla ya kufa, walikuwa wakijinyonganyonga kisha wakilegea. Wataalamu wanaelekeza kidole kwenye okitopamini, kemikali ambayo wadudu hutumia kupelekeana habari katika mishipa ya fahamu na ambayo sisi hatuitegemei. Hilo ndilo linaloifanya dawa moja imkamate mdudu na kumpita mtu. Dawa za kupigia mboga za jamii ya ogano-fosfati hazina ubaguzi huo. Hukamata kolinesterasi, kimeng'enya kinachozima ishara kati ya mshipa na msuli, na kimeng'enya hicho mdudu anacho, kuku anacho, na mkulima anacho. Ishara isipozimwa msuli unatetemeka bila kupumzika, mate yanatoka, jasho linatoka, mboni za macho zinakuwa kama ncha ya sindano, na mwisho kifua kinashindwa kuvuta. Atropini, dawa ya hospitali, husaidia. Shati lililolowa dawa lisipovuliwa, dawa inaendelea kuingia kwa ngozi huku mgonjwa yuko njiani. Mikono yote minane iliandika hilo bila kuambiwa.

Jioni mama wa katibu amekuja nyumbani. "Maalim, nasikia gilasi zangu za wageni zimekuwa nyumba ya mbu, na Idd ndiyo hiyo." Sikujua zilikuwa za wageni. Nimeziosha mwenyewe mara tatu, nikazirudisha usiku nimezifunga kwenye kanga ya mke wangu.

Jumamosi, 14 Juni

Baada ya sikukuu. Tumechora.

Kwanza kumtoa shahidi. Ethanoli peke yake iliua 4 kati ya 50, asilimia 8. W. S. Abbott, mtaalamu wa wadudu wa Marekani, alitoa kanuni yake mwaka 1925: toa vifo vya shahidi kwenye vifo vya dawa, kisha gawa kwa waliokuwa na nafasi ya kuuawa na dawa, yaani 100 kutoa 8. Kwa miligramu 40: 62 kutoa 8, gawa kwa 92, asilimia 58.7. Kwa 20: 21.7. Kwa 80: 93.5. Ya 10 inashuka hadi asilimia 2 na ushei, yaani si kitu. WHO inasema shahidi akipoteza zaidi ya asilimia 20 jaribio zima litupwe; sisi tumepona.

Kisha kipimo kinachoua nusu. Tumetumia karatasi ya logariti kwa sababu vipimo vinapanda kwa kuzidisha mara mbili, si kwa kujumlisha. Mstari wetu unakata nusu kwenye miligramu 34 kwa lita. Fikra hii ya kutafuta nusu aliileta J. W. Trevan, mtafiti wa dawa wa Uingereza, mwaka 1927, alipokuwa akihangaika na dawa ambazo kila chupa ilikuwa na nguvu yake. Mbona nusu? Kwa sababu kule pembezoni, kwa wa kwanza kufa na wa mwisho kufa, namba zinayumba, katikati zimetulia.

Yule kijana wa "asili" aliuliza swali zuri: na hawa watatu waliopona kwenye 80, wana nini? Pengine wakubwa zaidi. Pengine mafuta mwilini mwao yameshika sumu ikachelewa. Pengine vimeng'enya vyao vinafua maji haraka. Ukiwapiga dawa hiyo hiyo kila mwaka, ni watoto wa hao watatu watakaojaza pipa. Dawa za majumbani zimewahi kufanyiwa hivyo na mbu wa Zanzibar: kampeni ya kutokomeza malaria ya 1958 hadi 1968 ilipuliza nyumba kwa dieldrini na DDT, na usugu ukajitokeza.

Jumamosi, 21 Juni

Mwenyekiti amekuja na samaki wawili wadogo wa mtaroni ndani ya kopo. Anataka kuthibitisha kwamba dawa yetu ni salama kwa samaki, ili watu waitie matangini. Nimemwambia awarudishe mtaroni, kwa sababu jibu linajulikana. Wafugaji wa samaki hutumia mafuta ya karafuu kuwalaza samaki wanapotaka kuwapima au kuwachoma sindano, na kiasi chao ni kama miligramu 40 hadi 60 kwa lita. Kiasi kinachoua nusu au zaidi ya viluwiluwi wetu kinamlaza samaki chali. Akikaa humo haamki.

"Basi matangi ya kunywa, hayana samaki."

Tumepiga hesabu. Tangi la lita 1,000 kwa miligramu 80 linataka gramu 80 za mafuta. Bei tuiache. Mtu mzima akinywa lita mbili amekunywa mafuta miligramu 160, yujenoli 128; bado yuko chini ya ile 150, lakini kwa nywele, na hajala pilau. Mtoto wa kilo 10 akinywa lita moja: yujenoli 64, na ruhusa yake ni 25. Na saa ishirini na nne baadaye bado wapo viluwiluwi watatu kati ya hamsini.

Mzee mlinzi, ambaye siku hizi haji mlangoni tena bali anakaa ndani, aliuliza mfuniko wa tangi bei gani.

Hapo ndipo biashara ya chupa ilipokufa, na nilimwonea huruma mwenyekiti. Alikuwa amekwishapata hata jina la dawa.

Jumamosi, 28 Juni

Kazi za kufungia. Kichupa cha mafuta nimekitia kabatini na kufuli, kimeandikwa SUMU, si DAWA. Kwenye gilasi moja ya miligramu 10 tuliyoiacha imefunikwa kwa kipande cha chandarua, walionusurika walikwishageuka pupa na kutoka mbu wazima wazima. Tumewaua kwa kofi.

Wale watatu wa chupa za soda wameripoti: wawili, dawa imetolewa kwenye chupa za soda, imerudishwa kwenye vyombo vyake vya asili na kuwekwa juu ya kabati. Wa tatu, babake amesema Maalim aje mwenyewe. Nitakwenda. Na nitamwambia pia habari ya mafuta ya taa, kwa sababu nyumba hiyo ina vitoto: mtoto akinywa asitapishwe, wala asisukumizwe maziwa ili atapike. Mafuta ya taa tumboni hayana haraka sana. Yakipanda na kuteleza mapafuni ndipo yanapoua. Apelekwe hospitali na chupa aliyoinywea.

Binti wa Kisiwa Panza amebaki nyuma wenzake walipotoka. Aliuliza kama tunaweza kumpima kasa kama tulivyopima karafuu. Nimemwambia hatuwezi, na kwamba kuvua kasa ni kosa kisheria hata kabla ya kufika kwenye sumu. Lakini aliuliza kama mwanasayansi, nikamjibu hivyo: karafuu ya shamba hili na ya shamba lile zinakaribiana, tunaweza kusema moja ina miligramu kumi na mbili. Kasa hatupi namba hiyo. Watu wamekula mmoja wakalala salama, wakala mwengine wa jinsi ile ile wakafa, na rangi, harufu na ladha ni zile zile. Hakuna dawa ya kuitengua. Hospitali inamsaidia mgonjwa kupumua na kupata maji, mwili wake ufue wenyewe. Na kipande kimoja sahanini ni kipimo kimoja kwa baba wa kilo 70 na kipimo kingine mara saba kwa mwanawe wa kilo 10.

Akanyamaza kidogo. "Ndio maana ni watoto," alisema.

Tulipofunga, katibu alikuwa bado ubaoni. Maneno yake ya tarehe 10 Mei hakuyafuta. Chini yake ameongeza, kwa herufi zinazozidi kuwa ndogo kadiri nafasi inavyokwisha: miligramu 34 kwa lita, nusu yao, kwa saa 24, maji ya pipa, viluwiluwi wakubwa, pupa hawamo, ethanoli mililita 1.6, shahidi wa maji 1, shahidi wa ethanoli 4, nazi haikupimwa vizuri.

"Maalim, ubao umekwisha," alisema.

Nimemwambia Jumatatu nitaomba mwengine.